Damu niliyoongezewa iliniachia virusi. Naweza kuidai serikali?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Nina miaka 31, naishi Busia upande wetu wa Uganda, nauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni. Nimeolewa na nina watoto watatu.

Mwaka mmoja na miezi saba iliyopita nilijifungua huyu wa mwisho katika hospitali ya serikali, mbali kidogo na hapa. Kondo la nyuma lilikataa kutoka, nikavuja damu mpaka nikaanza kuona giza. Nilimsikia nesi akimwambia mwenzake, "Huyu anatuponyoka." Wakaniongezea mifuko miwili ya damu. Ule wa pili ulikuwa wa baridi, mkono ukafa ganzi mpaka begani. Nilimshukuru Mungu, nikamwombea na yule mtu nisiyemjua aliyejitolea damu yake.

Mtoto alipofikisha miezi kumi na moja nilikwenda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Wakasema siku hiyo kila mtu anapimwa. Nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nilimwomba mpimaji arudie, akarudia, majibu yakawa yale yale. Nilipokuwa mjamzito nilipimwa mara mbili, mwanzoni na mwezi wa nane, sikuwa navyo, na kadi ninayo. Mume wangu amepimwa mara tatu, hana. Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Mama mkwe anasema naisingizia damu kwa sababu damu haina mdomo wa kujitetea.

Nilianza dawa siku ile ile na mtoto nikamwachisha ziwa. Mwezi jana amepimwa kipimo cha mwisho, hana. Kwa hilo nalala.

Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyekuwa nami hospitalini. Aliambiwa damu ya kundi langu imekwisha, akampa kijana mmoja wa pale shilingi 80,000 na damu ikapatikana. Bila yeye ningekuwa kaburini. Hajui hali yangu mpaka leo.

Sasa redioni tumesikia kwamba Uingereza inawalipa watu walioambukizwa kwa damu ya hospitali. Kuna bwana mmoja anakaa kwenye kibanda cha chai karibu na mahakama, anajiita wakili. Anataka 1,500,000 za kufungulia faili, anasema serikali itatoa milioni 500 na tutagawana nusu kwa nusu. Mume wangu, ambaye tangu majibu yale analala sebuleni na haongei nami, siku hizi ananisalimia asubuhi na kuuliza kesi imefika wapi.

Shangazi, naweza kuishitaki serikali? Huyu bwana nimlipe? Na je, si dhambi kuwashitaki watu walioniokoa? Tena sijui kama nimwambie shemeji.

Mama Mukene, Busia

*

Mwanangu Mama Mukene,

Nakuamini. Hilo tuliweke pembeni, maana mahakama haitauliza kama Shangazi alikuamini.

Kabla sijaanza safu hii nilikuwa karani wa masijala ya mahakama. Nimepokea majalada yenye hadithi za kumtoa mtu machozi, nikayagonga muhuri, na baada ya wiki chache nikayaona yakirudi yametupwa nje bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Sababu ilikuwa tarehe. Kwa hiyo kabla ya uzembe, kabla ya fidia na kabla ya huyo bwana wa kibanda cha chai, chukua kalenda. Katika Uganda, madai ya madhara kama haya dhidi ya serikali au halmashauri ya wilaya yana ukomo wa miaka 2 tangu tukio. Angekuwa daktari wa hospitali ya binafsi ungepata 3. Wewe umeshatumia mwaka mmoja na miezi saba. Imebaki mitano.

Utasema: lakini mimi nimejua juzi tu, mtoto akiwa na miezi kumi na moja. Ni hoja nzuri, na wakili mzuri ataitumia ikibidi. Usiitegemee. Hesabu kuanzia siku uliyotundikiwa ule mfuko, ukafanye kila kitu kana kwamba hakuna siku ya nyongeza. Sheria pia inataka serikali ipewe notisi ya siku 45 kabla ya kushitakiwa. Mahakama ya Rufaa ilishaamua kwamba kukosa notisi hiyo peke yake hakuui kesi, kwa hiyo mkibanwa na muda, wakili afungue kwanza. Ukomo ndio usio na huruma.

Sasa nije kwenye mstari mmoja wa barua yako ambao wewe umeupita haraka na mimi nimeusoma mara nne. Shilingi 80,000.

Damu katika nchi hii haiuzwi. Inatolewa bure na watu, wengi wao wanafunzi wa sekondari kama wale unaowaona wamepanga foleni siku gari la damu likija shuleni. Inapelekwa kwenye benki za damu, Nakasero Kampala na zile za mikoani kama Mbale, Gulu, Arua na Mbarara, na huko hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Mfuko ukipita hapo hupewa namba. Namba hiyo huandikwa tena maabara ya hospitali wanapolinganisha damu yako na ile ya mfukoni, na tena kwenye faili lako wodini. Ukiishika namba, unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa aliyetoa, ingawa jina lake hutapewa wewe, wala haifai.

Kwa hiyo shemeji alilipia nini? Huenda kijana alichukua pesa ya bure kwa kufungua friji ambalo lilikuwa na damu muda wote. Hiyo ni rushwa, na ni aibu, ila damu yenyewe ilikuwa imepimwa. Huenda pesa ilikwenda kwa bodaboda aliyekimbilia hospitali ya jirani kuazima mfuko. Au, na hapa ndipo moyo wangu ulisimama, huenda damu ile haikupita benki kabisa. Huenda alitafutwa mtu nje ya geti, akatolewa damu, akapimwa kwa haraka au asipimwe. Sijui, wewe hujui, na huyo bwana wa chai hakuuliza hata. Lakini hizo ni kesi tatu tofauti kabisa.

Nikueleze kwa nini. Kukutwa na virusi baada ya kuongezewa damu hakutoshi. Lazima uonyeshe mambo mawili: kwamba virusi vilitoka kwenye damu ile, na kwamba kuna mtu aliyepaswa kufanya jambo fulani akaliacha. La kwanza unalo kwa sehemu kubwa. Ile kadi ya kliniki uliyoitaja, itazame sasa hivi. Kwenye nafasi ya kipimo utaona herufi TR, maana yake umepimwa, umepewa majibu, huna. Ungekuwa navyo wangeandika TRR. Hizo herufi mbili mara mbili, ya pili ikiwa mwezi wa nane, pamoja na mume asiye na virusi, zina uzito, maana kwenye kesi ya madai huhitaji kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye mauaji. Inatosha ionekane kuna uwezekano zaidi kwamba ndivyo ilivyokuwa kuliko kwamba sivyo. Mchangiaji akipatikana, wataalamu wanaweza hata kulinganisha virusi vyake na vyako.

La pili ndilo gumu. Mtu aliyeambukizwa siku chache tu kabla ya kutoa damu anaweza kupimwa na kipimo kisione kitu. Wenyewe wanakiita kipindi cha dirisha. Ikiwa benki ilimhoji mchangiaji ilivyopaswa, ikapima, ikaandika, na virusi vikapita dirishani, wakili wa serikali atasimama aseme hakuna aliyezembea, na huenda hakimu akamkubalia. Lakini ikiwa mfuko wako wa pili hauna namba popote, au namba ipo na benki inasema haikuutoa kamwe, basi wao ndio watakaokuwa na kazi ya kujieleza.

Ndiyo maana nasema faili kabla ya wakili. Nenda hospitalini mchana, siku ya kazi, na mtu unayemwamini. Beba lile daftari dogo la kurasa 32 waliloandika wakati unaruhusiwa, kama hujalifanya la shule ya mtoto. Omba kwa maandishi nakala ya faili lako la kujifungua, karatasi ya kuongezewa damu, na kumbukumbu ya maabara ya siku ile. Baki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, taja Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005. Ofisa wa taarifa ana siku 21 za kukujibu. Usiende na kelele za kesi. Masijala zote duniani, ikiwemo ile yangu, faili likinuka kesi lina tabia ya kujificha. Kila karatasi utakayoishika ipige picha hapo hapo, mtumie dada yako.

Siku hiyo hiyo, au kesho yake, andika kwa benki ya damu. Hili lisingoje wakili, wala halihusu fidia. Damu ya mtu mmoja mara nyingi hutenganishwa: chembe nyekundu kwa mama kama wewe, maji yake kwa mgonjwa mwingine. Kama mfuko ule ulikuwa na virusi, inawezekana kuna mtoto wa malaria au mwenye selimundu aliyepata sehemu iliyobaki na leo hakuna anayejua kumpima. Na mchangiaji mwenyewe huenda bado anatoa damu akijiona mzima. Miezi minane umeibeba habari hii peke yako, sikulaumu, ila ifike.

Kuhusu Uingereza. Kweli wanalipa, lakini mtangazaji wako alikupa mkia wa hadithi bila kichwa. Watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa huko kati ya miaka ya 1970 na 1991, wengine kwa kuongezewa damu, wengine kwa dawa za ugonjwa wa damu kutoganda zilizotengenezwa kwa damu iliyonunuliwa Marekani, hata kwa wafungwa. Kiasi cha 3,000 wamekufa. Serikali zao, moja baada ya nyingine, zilisema ni bahati mbaya. Uchunguzi wa umma wa Sir Brian Langstaff ulitoa ripoti Mei 2024 na kusema haikuwa ajali, ndipo serikali ikatenga pauni bilioni 11.8. Wengi waliopigania hawakuiona hata senti. Ule ni mfuko wa fidia wa nchi nzima. Hapa kwetu hakuna mfuko wa namna hiyo, kwa hiyo bwana anayekuahidi pesa za Uingereza anakuuzia mukene ambao bado uko ziwani.

Kesi iliyo karibu na yako zaidi ni ya Uturuki. Mtoto mchanga aliongezewa damu hospitalini Izmir mwaka 1996, akapata virusi. Wazazi walishinda nyumbani, wakapewa fidia iliyotosha dawa za kama mwaka mmoja tu. Wakaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwaka 2010 ikaamuru walipwe yuro 300,000 na nyingine 78,000, na mtoto atibiwe bure maisha yake yote. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Uganda, lakini wakili anaweza kuusoma mbele yake. Hesabu na miaka: kumi na minne.

Na hapa nyumbani? Hospitali ya serikali hushitakiwa na hushindwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu Kampala iliwapa wazazi waliopotelewa na mtoto wao mchanga Mulago shilingi milioni 85, kesi iliyofunguliwa mwaka 2013 kwa msaada wa CEHURD, shirika la kutetea haki ya afya. Ndiyo sura ya pesa ninayotaka uione, mwanangu, milioni 85 baada ya miaka minne. Tena kushinda na kulipwa ni watu wawili wasiokaa nyumba moja: mali ya serikali haikamatwi na dalali, unapewa cheti cha mahakama, unapanga foleni.

Huyo bwana usimpe hata shilingi mia. Wakili wa kweli ana hati ya kufanyia kazi ya mwaka huu na jina lake linaweza kuulizwa Chama cha Wanasheria cha Uganda. Hakai kwenye chai akingoja wenye shida. Na mapatano ya kugawana nusu ya kile mahakama itakachotoa ni mapatano ambayo sheria yetu inayakataa. Nenda kwa wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo: mradi wa chama hicho cha wanasheria, Justice Centres Uganda, au UGANET, ambao kesi za watu wenye virusi ndiyo kazi yao ya kila siku. CEHURD nao wapigie hodi. Waulize pia kama jambo lako linafaa kwenda kwa njia ya haki za binadamu chini ya Katiba, ibara ya 50, au Tume ya Haki za Binadamu, ambayo nayo inaweza kuamuru fidia. Mlango upi, wao watakuambia baada ya kuona karatasi. Malalamiko kwa baraza la madaktari yanaweza kumwajibisha aliyekosea, ila hayakulipi wewe.

Jiandae kwa jambo moja ambalo hakuna aliyekuambia. Kizimbani utaulizwa umelala na nani. Utaulizwa kuhusu sindano, nyembe, saluni, safari za mume. Wakili wa serikali atafanya kazi ya mama mkwe, kwa Kiingereza na kwa suti. Wakili wako anaweza kuomba jina lako lifichwe, zitumike herufi tu, na usikilizwe faraghani. Mwambie aombe tangu mwanzo, kabla jina halijaingia kwenye orodha inayobandikwa ukutani.

Mume wako sijui nimseme vipi. Mtu anayelala sebuleni kwa sababu ya aibu na kuamka kwa sababu ya milioni 500 anahitaji ssenga, shangazi wa kumfunda, wake mwenyewe. Mchukue mwende kliniki pamoja, mshauri amweleze mbele yako kwamba ukitumia dawa vizuri na virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wake, humwambukizi kitandani. Mpaka hapo, kuna vidonge vya kinga kwa ajili yake, na ni bure. Akishasikia hayo na bado akabaki sebuleni, niandikie tena.

Umeuliza kama ni dhambi kuwashitaki waliokuokoa. Yule nesi aliyesema unaponyoka alikuzuia usiponyoke, na hakuna wakili anayehitaji kumwandika jina kwa ubaya. Unayemdai ni serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu wake. Nesi huenda akawa shahidi wako mzuri kuliko wote.

Shemeji mwambie. Wiki hii, kabla ya wakili, na dada yako akiwepo. Ataumia, atafikiri ndiye aliyekununulia ugonjwa, na huenda akaogopa kwamba kutoa ile pesa ni kosa. Mwache alie kwanza. Kisha mpe kalamu aandike anachokumbuka: kijana alikuwa wa idara gani, alivaa koti la rangi gani, alipotea kwa muda gani, alirudi na kisanduku cha barafu au mikono mitupu, na kama mfuko ule wa baridi ulikuwa na karatasi yenye namba iliyobandikwa.

Shangazi